Makopo Mawili katika Mia

Punta Arenas, Agosti. Upepo unatoka kusini
unafunga milango ambayo watu wameisahau.
Kiwandani nasimama mwisho wa mkanda
na kinyundo cha mbao mkononi,
nagonga vifuniko vya makopo ya kaa:
ti, ti, ti, ti.
Kopo zima hujibu upesi, kwa sauti kavu.
Kopo bovu hujibu kama chumba kilichohamwa.

Katika kila mia, mawili.
Don Eliseo huandika kwa penseli, hakunji uso.
Mawili ni kazi safi, asema. Mawili, mtu hulala usingizi.

Mimi silali.
Siku zangu zimechelewa siku tatu.

Tulitumia mpira. Nawaambia hivyo vigae vya bafuni
kwa sauti ndogo, kama shahidi aliyefundishwa maneno.
Ulivaliwa mwanzo, si katikati ya safari.
Haukuzeeka ndani ya pochi. Nibaldo alisoma tarehe yake
chini ya taa, amekunja jicho moja,
kama mama yangu asomavyo tarehe ya maziwa dukani.
Baadaye aliujaza maji ya bomba, akauinua juu:
hata tone.
Tukacheka. Ulifanana na samaki aliyechorwa na mtoto.

Kisha tarehe kumi na moja ikapita,
kumi na mbili,
na kicheko kile nikakihesabu upya.

Doña Mirta wa duka la dawa hakuuliza jina la mwanamume.
Alichomoa kalamu sikioni, akageuza risiti:
"Wanawake mia, mwaka mzima,
wakitumia sawasawa kila mara bila kukosa,
wawili hushika mimba. Mwaka, mwanangu, si usiku mmoja.
Wakitumia kama binadamu watumiavyo vitu,
leo ndiyo, kesho umeisha, keshokutwa tumesahau,
kumi na watatu."
"Sisi tulitumia sawasawa."
"Basi hofu yako imeizidi mimba yako.
Baridi huchelewesha. Zamu za usiku huchelewesha.
Hata kuhesabu huchelewesha.
Lakini chukua kipimo. Hesabu haina macho."

Hapo ndipo ninapokwama.
Kopo halibovuki kwa asilimia mbili.
Lililo mkononi ni zima lote, au ni bovu lote.
Na wale wawili, je, waliamka wakijijua?
Au kila mmoja alisimama bafuni kwake
amejipanga na wale tisini na wanane,
akiviambia vigae: tulitumia mpira?

Nikampigia mama, huko Porvenir, ng'ambo ya mlango-bahari.
Nilizungusha maneno: kaa, mshahara, theluji.
Mama hazungushwi.
Alinyamaza muda wa kukaanga yai, kisha akasema:
"Yasna, baba yako na mimi tulikuwa waangalifu.
Mwaka ule hatukukosa hata mara moja.
Wewe ulipita."

"Ulilia?"

"Wiki mbili. Kisha nikala tufaha zima, na mbegu zake."

Sasa nimeketi ukingoni mwa beseni.
Kipimo kiko juu ya mashine ya kufulia, kimelala kifudifudi.
Dakika tatu.
Upepo unajaribu kitasa.
Nagonga goti kwa kidole cha kati, ti, ti,
nasikiliza, kopo linalojipima lenyewe.
Tahadhari kabla ya athari, ndiyo, tulifanya.
Ila hiyo "kabla" ni ndefu kuliko nilivyodhani:
imeanzia kitandani, bado haijafika mwisho.

Nageuza.
Mstari mmoja.

Alhamisi nitapima tena; doña Mirta alisema
siku tatu bado si hukumu.
Navaa viatu vya zamu.

Usiku huo kopo la thelathini na tisa lilikuwa bovu.
Sikulitupa upesi kama kawaida.
Nililishika kidogo, kwa mikono yote miwili,
mpaka don Eliseo akakohoa.